Ukibadilisha kiongozi, nini kinabadilika? Mwongozo kamili wa kuandika ukandamizaji katika historia mbadala ya Usovieti

Waandishi wengi wa historia mbadala ya Usovieti, yaani hadithi za "ingekuwaje kama", huanza na jina. Wanamwondoa Stalin, wanamketisha Bukharin, Kirov au Trotsky, viongozi wenzake wa chama, kwenye kiti chake, kisha wanaiacha tabia ya huyo mpya iendeshe nchi. Hapo hadithi huwa mojawapo ya mbili: aliyekuja ni mpole na kambi zikafungwa, au aliyekuja ni Stalin yuleyule, masharubu tu ndiyo yamebadilika. Zote mbili zinaruka kazi yenyewe.

Mwongozo huu umejengwa juu ya dai moja ambalo kumbukumbu za Kisovieti zinalibeba vizuri. Mfumo wa chama kimoja wenye polisi wa siri uliweka sakafu ya ukandamizaji. Kiongozi aliweka dari, akachagua nani awe shabaha, na akaamua lini itoshe. Ukishika hayo matatu, utajua ni kipi unaruhusiwa kukibadilisha na kipi hakigusiki.

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya kuchagua mtu

Andika mwaka wa njia panda yako, yaani pale historia yako inapoachana na ile ya kweli, juu ya karatasi, kisha orodhesha vyombo vilivyokuwepo siku hiyo. Kiongozi mpya anarithi vyombo hivyo vyote, apende asipende.

Cheka, polisi wa siri wa kwanza, ilianzishwa tarehe 20 Desemba 1917 chini ya Felix Dzerzhinsky. Agosti 1918 Lenin alituma simu ya maandishi Penza akiamuru kulaki (wakulima walioitwa matajiri) wasiopungua 100 wanyongwe hadharani. Tarehe 5 Septemba 1918, siku chache baada ya Lenin kupigwa risasi, Ugaidi Mwekundu ukawa amri rasmi ya serikali. Machi 1921 Mkutano Mkuu wa 10 wa chama ulipiga marufuku makundi ndani ya chama, na siku zilezile mabaharia waasi wa ngome ya Kronstadt walikuwa wakisagwa. Kambi ya Solovki ilifunguliwa mwaka 1923. Haya yote yalikuwepo Lenin akiwa hai. Kwa hiyo njia panda yoyote ya baada ya 1923 inaanza na chama kimoja, polisi wenye mamlaka ya kuua bila mahakama, na kambi.

Kuanzia hapo vifaa vinaongezeka. Kifungu cha 58 cha sheria ya jinai, cha makosa ya kupinga mapinduzi, kilichukua sura yake maarufu mwaka 1927. Pasi za ndani ya nchi zilikuja Desemba 1932. Sheria ya tarehe 1 Desemba 1934, iliyotoka siku aliyouawa Kirov, iliagiza upelelezi wa kesi za ugaidi umalizike kwa siku 10, ikafuta rufaa, na ikataka hukumu ya kifo itekelezwe papo hapo. Njia panda ya 1928 haina silaha hiyo ya mwisho. Ya 1936 inayo mkononi.

Majina ya polisi wa siri nayo yashike sawasawa: Cheka hadi mapema 1922, GPU, kisha OGPU kuanzia 1923, NKVD kuanzia Julai 1934, MGB kuanzia 1946, KGB kuanzia Machi 1954. Afisa wa KGB akibisha hodi mwaka 1937, msomaji makini anafunga ukurasa.

Hatua ya 2: Tenganisha aina za ukandamizaji

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuzungumzia "wahanga" kama fungu moja. Chora safu nne: waliopigwa risasi kwa hukumu, waliofungwa kambini, waliohamishwa kwa nguvu, na waliokufa kwa njaa. Kila safu ina sababu zake, na mkono wa kiongozi haugusi zote kwa uzito uleule.

Anza na risasi, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mtu mmoja unaonekana waziwazi. Hukumu za kifo katika kesi za OGPU na NKVD zilikuwa 20,201 mwaka 1930, 10,651 mwaka 1931 na 2,728 mwaka 1932. Mwaka 1936 zilikuwa 1,118. Mwaka 1937 zikaruka hadi 353,074, mwaka 1938 zikawa 328,618, na mwaka 1939 zikaanguka hadi 2,552. Uchumi wa nchi haugeuki namna hiyo ndani ya miezi, wala tabaka la kijamii halizaliwi na kufa ndani ya miaka miwili. Mlima wenye kingo kali kiasi hicho ni alama ya uamuzi wa kuanza na uamuzi wa kuacha. Huo ndio mlima ambao kiongozi mwingine angeweza kuufuta kabisa.

Safu ya kambi inasimulia mambo tofauti. Mwanzoni mwa 1934 kambi zilikuwa na wafungwa wapatao 510,000. Mwanzoni mwa 1939, ukijumlisha makoloni ya kazi (kambi za vifungo vifupi), walikuwa karibu milioni 1.67, na mwanzoni mwa 1953 karibu milioni 2.47. Hapa hakuna mlima, kuna mteremko mrefu unaopanda. Kambi zilikuwa zimefungamana na migodi, reli, misitu na mipango ya wizara. Kiongozi mpya hawezi kuzifunga Jumatatu asubuhi bila mtu wa wizara kumuuliza nani atachimba dhahabu ya Kolyma, kwenye baridi ya kaskazini-mashariki.

Kuhamishwa kunakwenda kwa mawimbi: kulaki wapatao milioni 1.8 mwaka 1930 na 1931, Wakorea wa Mashariki ya Mbali mwaka 1937, Wajerumani wa Volga mwaka 1941, Wachecheni na Waingushi karibu nusu milioni Februari 1944. Na njaa ya 1932 na 1933 iliua watu ambao makadirio mengi huwaweka kati ya milioni 5 na 8, wakiwemo karibu milioni 1.5 Kazakhstan, yaani sehemu kubwa kupita kiasi ya watu wa nchi ile.

Tahadhari ya takwimu: jedwali la hukumu linaonyesha 1,649 tu kwa mwaka 1940, lakini mwaka huohuo wafungwa 21,857, wengi wao maafisa wa Kipoland, waliuawa katika tukio tunaloliita Katyn kwa uamuzi wa Politburo, kamati ya juu kabisa ya chama, wa tarehe 5 Machi. Hawamo kwenye jedwali. Ukijenga hadithi juu ya safu moja pekee, utauita mwaka wa damu mwaka wa amani.

Hatua ya 3: Mpime mgombea kwa alichotia saini

Hotuba ziache. Tafuta mambo mawili: alifanya nini alipokuwa na mamlaka, na alifanya nini wenzake walipokuwa wakipigwa.

Trotsky ni mfano unaofundisha. Aliandika vizuri sana dhidi ya udikteta wa ofisi ya chama, lakini aliyaandika hayo baada ya kusukumwa pembeni. Alipokuwa kamishna wa vita aliruhusu wanajeshi waliotoroka mstari karibu na Kazan mwaka 1918 wapigwe risasi pamoja na kamanda na kamisaa (afisa wa chama jeshini) wao, akatetea majeshi ya kazi, yaani wanajeshi kufanyishwa kazi za uchumi, mwaka 1920, na akaunga mkono kuvunjwa kwa Kronstadt. Trotsky mpole, basi, hana ushahidi. Anachokosa zaidi ni mtandao: makatibu wa mikoa waliteuliwa kupitia ofisi ambayo Stalin aliishika tangu Aprili 1922. Trotsky mtawala lazima aje na jeshi, na mtawala aliyeletwa na jeshi atawaogopa majenerali kabla ya kuwaogopa wakulima. Shabaha imehama, ukandamizaji umebaki.

Bukharin alitetea soko la wakulima, na mwaka 1925 aliwaambia wakulima watajirike. Lakini mwaka 1927 alikuwa mstari wa mbele kuwafukuza wapinzani wa mrengo wa kushoto, Trotsky na wenzake. Upole wake ulikuwa kwa mkulima na kwa mwanachama mwenye msimamo kama wake. Kirov aliongoza mkoa wa Leningrad wakati kulaki waliohamishwa wakipelekwa migodi ya Khibiny. Beria, aliyekuja kuwa mkuu wa NKVD, alisimamia mauaji ya 1937 Georgia, kisha mwaka 1953 akatoa msamaha mkubwa kuliko wote. Ukimtaka mhusika mwenye sura mbili, ndiye huyo.

Hatua ya 4: Tafuta breki

Jiulize: siku hiyo nani anaweza kusema hapana na bado akalala kwake? Jibu linabadilika haraka mno, na waandishi wengi huliruka.

Mwanzoni mwa 1928 Politburo ilikuwa na wajumbe 9: Stalin, Molotov, Bukharin, Rykov, Tomsky, Kalinin, Voroshilov, Kuibyshev na Rudzutak. Kura 5 zilitosha. Bukharin, Rykov na Tomsky, walioitwa mrengo wa kulia, walikuwa 3. Kalinin na Voroshilov waliyumba. Breki ilikuwepo kweli, na ilikuwa kura mbili. Mwisho wa 1930 wote watatu walikuwa wametoka Politburo. Februari 1937 Bukharin na Rykov walikamatwa wakitokea kwenye kikao cha Kamati Kuu, na kati ya wajumbe 139 kamili na wa akiba waliochaguliwa mwaka 1934, 98 walikamatwa na kuuawa. Wenye kura ndio walioliwa.

Usisahau kwamba kiongozi mwenyewe ni breki. Mei 1933 Stalin na Molotov walitoa agizo la kusimamisha uhamishaji wa halaiki wa wakulima na kupunguza wafungwa wa mahabusu kutoka 800,000 hadi 400,000. Hakuna aliyewalazimisha. Magereza yalikuwa yamefurika na vijiji vimeshavunjwa. Mwandishi anayemchora Stalin kama mtu asiyejua kukanyaga breki ameshindwa kumuelewa. Alijua, akachagua lini.

Hatua ya 5: Fuata safari ya amri

Hapa ndipo pana utajiri wa hadithi, kwa sababu amri inayotoka Moscow na kinachotokea wilayani havifanani.

Chukua Amri Na. 00447 ya NKVD ya tarehe 30 Julai 1937. Mapema mwezi ule Moscow iliwaagiza makatibu wa mikoa walete idadi ya "maadui" wao ndani ya siku 5. Amri ilipotoka iligawa watu katika mafungu mawili: la kwanza risasi, la pili miaka 8 hadi 10 kambini. Jumla ya mgao ilikuwa 268,950, kati yao 75,950 wa risasi. Mkoa wa Moscow ulipewa 5,000 wa kwanza na 30,000 wa pili. Hukumu zilitolewa na jopo la watu watatu: mkuu wa NKVD wa mkoa, katibu wa chama na mwendesha mashtaka. Mshtakiwa hakuwepo. Kazi ilipaswa kuanza tarehe 5 Agosti na kumalizika baada ya miezi minne.

Haikumalizika. Mikoa iliomba nyongeza, Moscow ikatoa, ikaombwa tena. Mwisho wake karibu watu 767,000 walihukumiwa chini ya amri hiyo, na wapatao 387,000 wakauawa, mara tano ya mgao wa awali. Kwenye uwanja wa Butovo, nje kidogo ya Moscow, walipigwa risasi watu 20,762 kati ya Agosti 1937 na Oktoba 1938. Na hiyo ni mbali na operesheni za mataifa, zilizolenga watu kwa asili yao. Ile ya Wapoland pekee iliwaua zaidi ya watu 111,000.

Kwa kalamu yako, somo liko kwenye maombi ya nyongeza. Katibu wa mkoa aliomba kwa sababu aliyeonekana mlegevu naye aliingia orodhani. Bendera hufuata upepo, na makatibu waliusoma upepo kutoka magazetini, kutoka kwa jirani aliyekamatwa, kutoka kwa simu isiyopigwa tena. Kwa hiyo, ukimweka kiongozi asiye na kiu ya damu juu ya mfumo huu, bado jiulize wadogo wanadhani anataka nini. Kiongozi mpole asiyesema "hapana" kwa maandishi atapata maiti kwa jina lake. Hata hivyo nyongeza zilihitaji idhini ya juu, na hapo dari lilikuwa mkononi mwa mtu. Orodha 383 zenye majina ya maelfu kwa maelfu zilipita mezani kwa Stalin na wenzake wachache, wakatia saini.

Ukitaka mhusika kutoka kwetu ndani ya mandhari haya, njia ya kweli ipo. Jomo Kenyatta alisoma Moscow mwaka 1932 na 1933 katika KUTV, chuo cha Kikomunisti cha watu wa Mashariki, wakati huohuo njaa ikiua vijijini. Mpe mhusika wako macho ya mgeni wa mjini anayeishi bwenini, anayeonyeshwa viwanda, asiyepelekwa Kuban, eneo la nafaka lililokuwa na njaa.

Hatua ya 6: Andika jinsi inavyosimama

Wimbi likianza, lazima uonyeshe linavyofungwa na nani anabeba lawama. Yagoda, mkuu wa NKVD, aliondolewa Septemba 1936 akauawa Machi 1938. Yezhov alichukua nafasi yake, na tarehe 17 Novemba 1938 azimio la Moscow lilifuta majopo ya watu watatu. Siku chache baadaye Yezhov aliondoka NKVD, na Februari 1940 akapigwa risasi. Beria aliingia kama msafishaji, akaachia baadhi ya wafungwa. Mtindo ni huu: mkuu wa polisi ndiye kifuniko cha mtawala. Ukiandika utawala mbadala wenye wimbi kubwa bila mkuu wa polisi wa kutolewa kafara, umeacha tundu kwenye paa.

Mfano wa kwanza: mrengo wa kulia unashinda mwaka 1928

Njia panda yako ni kura mbili. Kalinin ana mizizi ya ukulima. Voroshilov ana jeshi lililojaa vijana wa vijijini wanaopokea barua za malalamiko kutoka nyumbani. Fanya wayumbe upande wa pili baada ya safari ya Stalin Siberia ya Januari 1928, alikokwenda kukamua nafaka kwa kutumia Kifungu cha 107 dhidi ya waliodaiwa kuficha. Stalin anapoteza ukatibu, hafi.

Sasa pita kwenye safu nne. Njaa kubwa ya 1932 inafutika au inapungua sana, kwa kuwa ilitokana na mashamba ya pamoja ya lazima na unyakuzi wa nafaka. Uhamisho wa watu milioni 1.8 unafutika nao. Kambi zinabaki Solovki na vitawi vyake, kwa sababu waliozijaza walikuwa wakulima. Mlima wa 1937 hauna sababu ya kuwepo.

Kinachobaki kinauma pia. OGPU inaendelea kuwakamata mapadri, wafanyabiashara wa NEP (sera ya miaka ya 1920 iliyoruhusu soko) na wafuasi wa Trotsky, ambaye tangu Januari 1928 yuko uhamishoni Alma-Ata. Na tatizo la nafaka halijatatuliwa. Rykov anapandisha bei, miji inalalamika, viwanda vinakwenda polepole. Japani inaingia Manchuria mwaka 1931, Hitler anashika madaraka mwaka 1933, na kila mwanajeshi anauliza vifaru viko wapi. Hapo ndipo hadithi yako inapata moto wake: serikali iliyochaguliwa kuwaonea huruma wakulima inalazimika kuwaomba nafaka ya silaha. Wanaoshindwa kisiasa wanapelekwa kusimamia viwanda vya mbali, kama Khrushchev alivyofanya mwaka 1957 alipompeleka Molotov ubalozi wa Mongolia na Malenkov kwenye kituo cha umeme Kazakhstan. Wanachama wa chama wanaishi. Waliopo nje ya chama hawana mtetezi.

Mfano wa pili: Kirov hauawi

Kifupi, kwa sababu njia panda hii ni dhaifu kuliko inavyopendwa. Stalin bado yupo kitini, NKVD imeshaundwa miezi mitano kabla, na sheria ya tarehe 1 Desemba itahitaji kisingizio kingine tu. Umeahirisha, hujabadilisha. Ukiitaka, ongeza njia panda ya pili inayomwondoa Stalin mwenyewe.

Mfano wa tatu: Beria anaokoka Juni 1953

Huu una nyama. Stalin alifariki tarehe 5 Machi 1953. Tarehe 27 Machi ulitoka msamaha ulioandaliwa na Beria, ulioachia wafungwa wapatao milioni 1.2. Mwanzoni mwa Aprili kesi ya madaktari, waliosingiziwa kuwaua viongozi, ilifutwa, na mateso wakati wa mahojiano yakapigwa marufuku kwa maandishi. Kisha tarehe 26 Juni alikamatwa kikaoni kwa msaada wa majenerali, na Desemba akapigwa risasi. Mfanye Malenkov, waziri mkuu, asite siku hiyo, na nchi ni yake.

Soma msamaha ule kwa makini. Uliwagusa zaidi wenye vifungo vya hadi miaka 5, wajawazito, watoto na wagonjwa. Wengi wa Kifungu cha 58 walibaki ndani, na hasira yao ililipuka Norilsk na Vorkuta kiangazi hicho, kisha Kengir mwaka 1954, ambako vifaru viliingia kambini. Kwa Beria kambi zinapungua kwa sababu hazilipi, huku wafungwa wa siasa wakisubiri zaidi. Na hotuba ya siri ya Februari 1956, ambayo Khrushchev alimshutumu Stalin, haipo. Khrushchev aliweza kuwalaumu Stalin na Beria kwa pamoja, ilhali Beria angejilaumu mwenyewe. Mafaili ya 1937 Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, yanabaki kufungwa na wajane hawapati cheti cha kusafisha majina ya waume zao. Polisi wanakaa juu ya chama, hali ambayo Khrushchev na Brezhnev wote waliikwepa kwa kuwa waliiona kwa macho yao. Ukandamizaji wako unakuwa na damu kidogo na siri nyingi.

Makosa yanayojirudia baada ya 1953

Khrushchev huandikwa kama msimu wa kuyeyuka kwa barafu na Brezhnev kama msimu wa kuganda tena. Hesabu haikubali kirahisi. Baada ya uasi wa Hungary wa 1956, mwaka 1957 na 1958 pekee zaidi ya watu 3,000 walihukumiwa kwa propaganda dhidi ya Usovieti, na Juni 1962 askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma Novocherkassk. Chini ya Brezhnev, KGB ya Andropov ilipenda kuita mtu ofisini na kumuonya. Kati ya 1971 na 1974 ilifanya hivyo kwa watu 63,108. Walioshikilia msimamo walikutana na Kifungu cha 70 (propaganda dhidi ya Usovieti), Kifungu cha 190-1 (kuukashifu mfumo wa Kisovieti), wodi ya wagonjwa wa akili, au ndege ya kwenda nje kama Solzhenitsyn mwaka 1974. Ukiandika Brezhnev mbadala, usimpe mgao wa risasi. Mpe daktari, meneja wa kiwanda anayekunyima nafasi, na afisa mwenye adabu anayeuliza kama watoto wako wangependa kuingia chuo kikuu.